Barua za wanawake wa kale: darasa au uzio?

Mei 1643 Elisabeth wa Bohemia, binti wa mfalme aliyenyang'anywa ufalme wake, alikuwa na umri wa miaka 24 na akiishi uhamishoni Den Haag, Uholanzi. Alimwandikia Descartes akimuuliza jinsi roho, ambayo mwanafalsafa huyo alidai haina mwili, inavyoweza kuusukuma mwili utende. Descartes alijibu, lakini jibu halikumridhisha. Mwezi uliofuata Elisabeth aliandika kwamba ingekuwa rahisi kwake kukubali kuwa roho ina maada kuliko kukubali kuwa kitu kisicho na mwili kinaweza kuusukuma mwili. Swali hilo linawasumbua wanafalsafa hadi leo.

Wapo wanaoiona barua kuwa chuo kikuu cha wanawake waliofungiwa milango ya vyuo vikuu, na kisa hiki kinawapa nguvu. Elisabeth hakuwa mwanafunzi mpole anayepokea mafunzo, maana kitabu cha Descartes kuhusu hisia za nafsi, kilichotoka 1649, kilitokana kwa sehemu kubwa na maswali yake.

Wengine hujibu kwamba barua ilikuwa uzio. Ilimruhusu mwanamke kufikiri mradi fikra zake zibaki kati yake na mtu mmoja. Baada ya Descartes kufa 1650, Elisabeth aliomba arudishiwe barua zake na akakataa zichapishwe. Kwa hiyo wasomaji walipata maneno ya mwanafalsafa tangu 1657, bali ya Elisabeth yalichapishwa 1879 tu. Kwa zaidi ya miaka 200 watu walisoma majibu bila maswali. Hoja hii ni nzito, nami siipingi, ila inaeleza yaliyozipata barua baada ya kuandikwa, haielezi thamani ya fikra zilizomo.

Afrika Mashariki uzio ulianzia mbali zaidi, kwenye kalamu yenyewe. Sayyida Salme wa Unguja alifundishwa kusoma tu, kama wasichana wenzake wa jumba la sultani, akajifunza kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipokula njama dhidi ya Sultani Majid, binti huyo, akiwa na miaka kama 15, ndiye aliyekuwa karani wa kundi kwa sababu alijua kuandika. Hapo barua ilikuwa siasa kamili.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba pande zote mbili huwahesabu walioshika kalamu peke yao. Hapa Lubumbashi, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, wanawake wengi hawakujua kuandika, na shule za wasichana za wakati wa Wabelgiji ziliegemea ushonaji, upishi na malezi. Mukanda wa kupeleka kijijini, kama tunavyoiita barua huku, mama aliutamka na mwingine akauandika. Hoja juu ya mahari, deni au ugomvi wa urithi zilikuwa zake, hata kama mwandiko haukuwa wake. Anayeikuta barua ya namna hiyo katika sanduku la familia asiishie kuutambua mwandiko. Aulize nani aliketi kando ya mwandishi, akimkatiza na kutaka mstari usomwe upya.