Mpira ulioanguka katikati ya watu watatu

Juni 27, 2018, mjini Omaha, Nebraska, timu ya Arkansas ilikuwa imebakiza auti moja tu (kumtoa mpinzani mmoja; wakitolewa watatu zamu yao ya kupiga huisha) iwe bingwa wa besiboli ya vyuo vikuu Marekani. Ilikuwa zamu ya tisa, ya mwisho, ikiongoza 3-2 dhidi ya Oregon State. Mpigaji akaugonga mpira vibaya, ukapaa juu upande wa kulia, nje ya mstari. Wachezaji watatu wa Arkansas wakaukimbilia, na ukaanguka chini katikati yao; ungedakwa, mpigaji angetolewa. Mpigaji akarudi kwenye nafasi yake, akasawazisha. Aliyemfuata akauvusha mpira ukuta, Oregon State wakashinda 5-3. Kesho yake wakashinda tena, 5-0, katika mechi ya tatu na ya mwisho ya fainali, wakabeba kombe.

Sasa niambieni: kocha wa Arkansas alikosea wapi? Mpira ule ungedakwa, angeitwa fundi kwa maamuzi yaleyale aliyoyafanya. Hili ndilo linalonikera katika namna tunavyowahukumu makocha wa mchezo huu. Tunaangalia mpira ulikoangukia, kisha tunarudi nyuma kuamua kama uamuzi ulikuwa mzuri. Bahati ni ya matokeo, hesabu ni ya uamuzi, na kocha anapaswa kupimwa kwa kile alichokijua kabla mpira haujarushwa.

Kwa aliyekulia kwenye soka, mahali pazuri pa kuanzia ni banti. Mpigaji halipungi gongo. Analilaza tu mbele ya mpira ili udondoke karibu, yeye atolewe, lakini mwenzake aliye besi ya kwanza asogee hadi ya pili (besi ni vituo ambavyo mchezaji huvipitia hadi arudi alikoanzia na kupata mkimbio, yaani pointi). Makocha wengi wa vyuo wanaipenda sana, na machoni inaonekana kama nidhamu. Lakini tuangalie bei yake. Katika ligi kuu ya Marekani, kwa miaka ya 2010 hadi 2015, timu yenye mtu besi ya kwanza bila auti ilipata kwa wastani karibu mikimbio 0.86 hadi zamu iishe. Mtu akiwa besi ya pili na auti moja, wastani ulikuwa karibu 0.66. Yaani banti iliyofanikiwa kabisa inakupunguzia karibu mikimbio 0.2. Hata uwezekano wa kupata angalau mkimbio mmoja hauongezeki: unatoka karibu asilimia 42 hadi 40.

Na hapo tumehesabu iliyofanikiwa. Kuna banti inayopaa na kudakwa. Kuna inayogonga chini kwa nguvu mno, mlinzi akamtoa anayekimbilia besi ya pili. Na ukiwa tayari una straiki mbili (mirusho miwili uliyoshindwa; ya tatu unatolewa), banti ikitoka nje ya mstari umekwisha, hupewi nafasi nyingine.

Kuna wakati banti inafaa, na hesabu zenyewe ndizo zinazosema. Mtu akiwa besi ya pili bila auti, ukimsogeza hadi ya tatu wastani wa mikimbio unashuka kutoka karibu 1.10 hadi 0.95, ila uwezekano wa kupata mkimbio mmoja unapanda kutoka asilimia 61 hivi hadi 66. Kama ni zamu ya tisa, mko sare na mnacheza nyumbani, mkimbio mmoja ndio unaoutaka. Piga banti. Katika zamu ya pili, usipige.

Wizi wa besi, yaani mkimbiaji kuchomoka kwenda besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe, una hesabu ya namna hiyohiyo. Kutoka ya kwanza hadi ya pili bila auti, ukifanikiwa unapata karibu 0.24. Ukikamatwa unapoteza karibu 0.60. Kwa hiyo mkimbiaji asiyefika salama walau mara 72 katika 100 anaiumiza timu yake, hata kama mashabiki wanamshangilia.

Kosa la wanaopenda takwimu ni kuzibeba namba hizi za ligi kuu na kuzipandikiza chuoni kama zilivyo. Magongo ya chuo ni ya metali, ulinzi unakosea zaidi, na mrushaji wa tatu au wa nne si wa kiwango cha wa kwanza. Walinzi wanaoteleza wanaipandisha thamani banti. Tengeneza jedwali lako: hali za besi ni nane (kila moja kati ya tatu ina mtu au haina), hali za auti ni tatu (sifuri, moja au mbili), jumla 24. Kila mpigaji anapoingia, andika hali iliyopo, kisha mikimbio iliyopatikana kuanzia hapo hadi zamu iishe, halafu chukua wastani wa kila hali. Msimu wa mechi 56 hautoshi. Hali ya besi zote kujaa bila auti itatokea mara chache mno usiweze kuuamini wastani wake. Kusanya mechi za timu zote za ligi yenu, misimu kadhaa.

Uchache huohuo ndio unaowapotosha makocha wanapopanga wachezaji. Mpigaji ambaye kipaji chake ni asilimia 30, yaani hupiga vizuri mara 30 katika 100, akipiga mara 200 msimu mzima, bahati peke yake inaweza kumweka popote kati ya 27 na 33, na mara moja katika misimu mitatu atatoka hata nje ya hapo. Kwa mapigo 20, kutoka 20 hadi 40 ni kawaida kabisa. Halafu mtu anawekwa benchi kwa wikiendi mbili mbaya!

Chukua kijana mwenye mapigo mazuri 9 kati ya 20, asilimia 45, na mwingine mwenye 54 kati ya 200, asilimia 27. Kila mmoja muongezee mapigo 200 ya kufikirika yenye wastani wa ligi, tuseme asilimia 28, yaani mazuri 56. Wa kwanza anakuwa na 65 kati ya 220, asilimia 29.5. Wa pili 110 kati ya 400, asilimia 27.5. Pengo la 18 limebaki 2. Wa kwanza bado yuko mbele, lakini kama wa pili anadaka vizuri zaidi, simuoni akistahili kutoka. Hiyo 200 si namba takatifu. Ipandishe kwa takwimu zinazoyumba sana, ishushe kwa zinazotulia mapema kama kutolewa kwa straiki tatu.

Timu zenye uwezo zina mashine za kupima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Asiye nazo achukue penseli: kila mpira uliogongwa uandikwe kama ulikuwa mkali au laini, ulibingirika, ulinyooka au ulipaa. Pembeni kuwe na ukurasa wa maamuzi ya kocha mwenyewe, ulioandikwa kabla ya mrusho: hali ilikuwaje, alichagua nini, alikadiria uwezekano gani. Ukiandika baada ya mchezo, kumbukumbu itakudanganya kwa kufuata matokeo.

Penseli hiyo ndiyo itakayokusaidia Jumatatu, kijana aliyekosa mara kumi mfululizo atakapokuja ofisini kichwa chini. Mpigaji wa asilimia 30 ana uwezekano wa karibu asilimia 3 wa kukosa mara kumi zozote zinazofuatana, na kwa msimu wa mapigo 200 wengi wao watapita humo walau mara moja. Fungua daftari naye. Kama sita kati ya hizo kumi zilikuwa kali na zikaishia kwenye glovu za walinzi, usimbadilishie mkono wala miguu. Muoneshe hizo sita, kisha mwandike kwenye orodha ya Jumanne, nafasi yake ileile.