Huyu Atalala na Nini?

Kila nikisikia mtu akisema Torati ni jicho kwa jicho basi, namwomba afungue Kutoka 22, aya ya 26 na 27. Pale aliyetwaa vazi la mwenzake kuwa rehani anaamriwa alirudishe kabla jua halijatua. Sababu imewekwa kwa swali: huyu atalala na nini?

Swali hilo hunikaa moyoni. Deni halijafutwa, na mwenye kudai bado ana haki ya kudai. Lakini rehani inayorudi kwa mwenyewe kila jioni haimfai sana aliyeishika. Sheria imemwachia haki yake, ikamwondolea uwezo wa kumtesa mtu kwayo. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza: asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje aletewe. Hebu fikiria watoto waliomo ndani. Baba yao ana deni, ila hakuna mgeni anayepekua vyombo vyao mbele ya macho yao. Jiwe la kusagia halishikwi kabisa, wala vazi la mjane.

Yalifuatwa yote haya? Nabii Amosi analaumu watu waliojinyoosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani, yaani ibada ilikuwa ikiendelea huku maskini wakipigwa na baridi.

Tena kuna kigae kilichofukuliwa mwaka 1960 katika ngome ya Mesad Hashavyahu, pwani ya Israeli, chenye maandishi ya Kiebrania ya karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkuu wa pale. Anasema alimaliza kazi yake, kisha mtu aitwaye Hoshayahu akaja akamchukulia vazi lake. Ndugu zake waliovuna naye kwenye jua kali watamshuhudia. Hataji Torati popote, wala neno rehani. Anataka vazi tu. Mistari ya mwisho imeharibika, ila inaelekea anasema kwamba kama mkuu haoni kuwa ni wajibu wake kulirudisha, basi amhurumie.

Hapo ndipo ninapoumia. Mtu aliyevuna kutwa nzima anajiona hana budi kuomba huruma ili apate nguo yake mwenyewe. Kwa Kutoka 22, kama ilikuwa rehani, asingehitaji kuomba: ilipaswa kuwa mabegani mwake jioni ile ile.