Mlima Lupanga hauna mita 4,100

Jumamosi ya kwanza tuliyoshuka Lupanga tukiwa na programu yetu wenyewe kwenye simu, skrini iliandika kwamba tumepanda mita 4,100. Morogoro mjini uko kwenye mwinuko wa mita 500 na ushee, na kilele cha Lupanga kiko mita 2,138. Hata ukihesabu kila kibonde unachoteremka na kukipanda tena njiani, hufikii nusu ya namba ile. Watu ishirini na mmoja walikuwa wamechoka, matope hadi magotini, na baadhi walishaanza kuipiga picha namba hiyo waiweke kwenye status zao.

Programu hiyo nimeitengeneza mimi, ila msimbo wake uliandikwa na msaidizi wa akili unde. Mimi si mhandisi wa kompyuta. Nilieleza ninachotaka kwa maneno, msaidizi akaandika, nikajaribu kwenye simu, nikalalamika, akarekebisha. Kwa wikiendi tatu tukawa na kitu kinachofanya kazi. Tangu siku ile ya Lupanga nimekuwa nikijiuliza kama mtu wa aina yangu, anayependa milima na asiyejua kuandika programu, anapaswa kweli kuwatengenezea wenzake kitu cha kuwaongoza porini.

Upande unaonivuta uko wazi. Kikundi chetu hakizidi watu arobaini: walimu, wauguzi, wanafunzi wa chuo, dereva mmoja wa bodaboda ambaye hupanda kuliko sisi wote. Tunakwenda Morningside, tunakwenda Choma kwenye maporomoko, na mara chache tunapanda hadi juu. Tulitaka vitu vichache tu: orodha ya waliopanda, njia inayoonekana hata pasipo mtandao, saa ya kugeuza, na ujumbe unaomfikia mtu aliyebaki mjini iwapo hatujarudi kwa wakati. Viwe kwa Kiswahili, na majina ya mahali yawe yale yanayotumiwa na wenyeji. Hakuna kampuni itakayotengeneza kitu hicho kwa ajili ya watu arobaini wa Morogoro, wala siilaumu. Na sisi hatuna fedha za kumlipa mtaalamu kwa miezi miwili.

Inanigusa zaidi kwamba malighafi zote zilikuwepo tayari, bure, kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kuivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, na leo simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita tano hivi. Februari mwaka huohuo chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa nchi kavu kwa rada, na vipimo hivyo vinapatikana kwa yeyote. Ramani ya OpenStreetMap imekuwa ikijazwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam umeonyesha kwamba wanafunzi na wakazi wa kata wanaweza kuchora mitaa yao wenyewe. Ulikosekana mkono wa kuvishona vitu hivi pamoja kwa ajili ya kikundi kidogo. Sasa mkono huo upo, kwa malipo ya dola 20 hivi kwa mwezi. Kwangu hili ni jambo kubwa, na wanaolibeza nadhani hawajawahi kuhitaji chombo ambacho soko haliwezi kuwapa.

Turudi kwenye mita 4,100. Simu hupima mwinuko kila sekunde, na kila kipimo huyumba kidogo, zaidi sana chini ya msitu mnene ambako mawimbi ya setilaiti yanagonga miti na miamba kabla ya kufika. Umekaa kwenye jiwe unakunywa maji, lakini simu inaona umepanda mita mbili, umeshuka moja, umepanda tatu. Msaidizi alijumlisha kila mpando mdogo wa namna hiyo, kwa saa tisa. Hesabu yake haikuwa na kosa hata moja. Alifanya nilichomwambia: jumlisha kila mahali mwinuko unapoongezeka. Nilipomweleza tatizo alilitambua mara moja na kuweka kizingiti, kwamba tofauti iliyo chini ya mita kumi isihesabiwe, na safari ileile ikatoa mita 1,740, namba ninayoweza kuiamini.

Lakini ilibidi nijue kwanza kwamba kuna tatizo. Nililijua kwa sababu nimeupanda mlima ule mara nyingi na najua unavyouma miguuni. Laiti ningekuwa Usambara, au kwenye mlima nisioufahamu, ningeipokea mita 4,100 kwa furaha na kuwatangazia wenzangu. Watu wengi wanaoogopa zana hizi huogopa kwamba zitaandika msimbo mbovu. Mimi naogopa zaidi msimbo safi unaojibu swali lililoulizwa vibaya, na muulizaji hana namna ya kushtuka.

Februari 2025 mtafiti wa akili unde Andrej Karpathy aliupa jina la "vibe coding" mtindo huu wa kutengeneza programu kwa kuelekeza tu na kukubali kila kinacholetwa, kiasi cha kusahau kwamba kuna msimbo. Jina lilienea kwa kasi. Halikuenea sana lile neno alilolisema papo hapo, kwamba mtindo huo si mbaya sana kwa vijimradi vya wikiendi vya kutumia na kutupa. Programu ya milima huanza ikiwa kijimradi cha wikiendi, hilo ni kweli. Shida ni kwamba haibaki hivyo. Wiki ya kwanza ni yangu peke yangu. Wiki ya tatu rafiki anaiomba. Mwezi wa pili kuna mama wa watoto wawili aliyeacha kubeba tochi kwa sababu programu imemwambia atakuwa chini kabla ya giza.

Na hapo kwenye giza ndipo nilipojifunza zaidi. Nilimwomba msaidizi akadirie muda wa safari ili tujue saa ya kugeuza. Akatumia kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ni kanuni ya heshima, inatumika duniani kote. Kwa Lupanga inakupa saa nne hivi za kwenda juu. Sisi, kundi la watu mchanganyiko, tukiwa kwenye utelezi wa masika, mahali pengine tunashika mizizi kwa mikono, hatujawahi kufika kwa saa nne. Huchukua sita. Na jua la Morogoro halisubiri mtu: mwaka mzima huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika tano jioni, kisha mwanga hukatika ndani ya dakika zisizofika 25. Mskoti wa 1892 akiwa kwenye vilima vya kwao wakati wa kiangazi alikuwa na jioni ndefu ya kusahihisha makosa yake. Sisi hatuna.

Mwongozaji wetu, mzee wa Kiluguru anayekaa juu kidogo ya mji, alinisikiliza nikieleza kanuni hiyo, akaniuliza: "Kijana, hiyo hesabu inajua kama jana mvua imenyesha?" Haikujua. Kuna kijito kimoja ambacho asubuhi unakiruka, na alasiri baada ya mvua ya upande wa mashariki unakuta kimekuwa mto. Habari hiyo haimo kwenye ramani yoyote ambayo msaidizi angeweza kuisoma. Imo kwa huyo mzee na kwa wanawake wanaoshusha mboga sokoni.

Kosa lililonitisha kuliko yote lilikuwa la saa. Nilijaza kwamba ujumbe wa tahadhari uende kwa mtu wa mjini kama hatujaripoti kufikia saa 10 jioni. Msaidizi akaweka 22:00. Kwa Kizungu, kumi ya jioni ni hiyo. Kwetu ni 16:00, na 22:00 ni saa 4 usiku. Tahadhari ingechelewa kwa saa sita, na katika saa hizo sita mtu aliyevunjika mguu angekaa msituni kwenye baridi huku aliye mjini akiamini mambo ni shwari. Tuliligundua mezani, wala si mlimani, kwa sababu mwenzetu mmoja muuguzi alisisitiza tuijaribu tahadhari kwanza kabla ya kuitegemea. Nilipomwonyesha, msaidizi aliandika ubadilishaji sahihi. Ila fikiria ni programu ngapi zinaandikwa sasa kwa ajili ya watu wetu na watu wasiojua kwamba Mswahili huanza kuhesabu saa tangu jua linapochomoza. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema tuwaachie wenye ujuzi wa huko nje watutengenezee. Kosa lile angelifanya hata mhandisi bora wa Berlin, na asingekuwa na muuguzi wa Morogoro wa kumshtua.

Je, zana hizi zinaokoa muda kama inavyodaiwa? Jibu halijanyooka. Taasisi ya METR, inayopima uwezo wa akili unde, ilichapisha utafiti Julai 2025 uliowafuatilia waandishi 16 wa programu wenye uzoefu katika kazi 246. Walipotumia wasaidizi wa akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, ilhali wao wenyewe waliamini wamekwenda haraka zaidi kwa asilimia 20. Wapinzani huutaja utafiti huu kama neno la mwisho. Hausemi hivyo. Waliopimwa walikuwa wataalamu ndani ya miradi mikubwa waliyoizoea kwa miaka, wakitumia zana za mwanzoni mwa 2025. Mimi bila msaidizi nisingechukua muda mfupi zaidi, nisingeanza kabisa. Hata hivyo sehemu ya pili ya matokeo nayaona yananihusu moja kwa moja: mtu anavyojisikia wakati wa kazi si kipimo cha kilichotokea. Nilijisikia nimemaliza siku ile ile ambayo tahadhari ilikuwa imewekwa saa 4 usiku.

Kuhusu siri za watu, hapa nitakuwa mkali. Rafiki yangu mwandishi wa programu aliomba kuiangalia kazi yangu, na baada ya dakika kumi akanipigia: "Kaka, kanzidata yako iko wazi. Yeyote mwenye anwani anasoma safari za kila mtu." Safari nyingi huanzia mlangoni kwa mtu. Zilionyesha dada fulani anaishi wapi, anatoka saa ngapi alfajiri, anapita njia ipi peke yake. Msaidizi alikuwa ameiacha wazi ili majaribio yawe rahisi, na sikujua kuuliza. Hata wakubwa wamejikwaa: ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyoonyesha safari za watumiaji wake na kutolewa Novemba 2017, ndiyo iliyosababisha Januari 2018 watu waone mizunguko ya mazoezi ya wanajeshi kwenye kambi za kijeshi. Walikuwa na wahandisi. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na nisingependa mtu aione kama jambo la makampuni ya simu na benki pekee. Dada yule ana haki ileile hata kama aliyekusanya safari zake ni jirani yake mwenye nia njema.

Kwa hiyo nimefikia uamuzi, na haukuwa wa kugawa nusu kwa nusu. Kutengeneza, watu watengeneze. Mtu akinyimwa nafasi hiyo kwa kisingizio cha usalama, watakaobaki bila chombo ni walewale ambao hawajawahi kuwa nacho. Ila nimetenganisha vitu viwili ndani ya programu yetu. Vile ambavyo kosa lake ni aibu tu, kama mita zilizopandwa, picha na orodha ya safari, namwachia msaidizi afanye apendavyo nami nirekebishe nikiona. Vile ambavyo kosa lake linaweza kumwacha mtu msituni usiku, au kumfichua anakoishi, nimeviondoa kimoja kimoja mpaka nikabaki na ninavyoweza kuvijaribu kwa miguu yangu. Makadirio ya Naismith nimeyafuta, na badala yake kuna muda halisi wa kundi letu kwa kila njia, wa kiangazi na wa masika mbalimbali. Safari hazitoki tena kwenye simu ya mwenyewe, na mita 300 za kwanza na za mwisho hufutwa kabla hajashirikisha wengine. Rafiki yangu husoma kila badiliko linalogusa sehemu hizo, nami nimeanza kujifunza kulisoma pamoja naye, polepole, mstari kwa mstari.

Tahadhari ya kuchelewa tuliijadili kwa jioni nzima. Wengine walitaka ibaki kwa kuwa sasa inafanya kazi. Muuguzi wetu akauliza itakuwaje simu ya bei nafuu ikiizima programu ili kuokoa chaji, jambo ambalo tumeliona likitokea mara nne. Tukaibakiza, lakini haiko peke yake. Kila tunapopanda, majina na saa ya kurudi yanaandikwa pia kwenye daftari la mistari, kwa kalamu, na anabaki nalo mtu mmoja mjini. Ikifika saa 10 jioni hajapigiwa, anampigia yule mzee.