Ugonjwa wa kuzaliwa nao, wanaupima upya wa nini?

Kwa tunaoishi Uingereza kwa mafao ya ugonjwa, hakuna kitu kinachotia tumbo joto kama bahasha ya kahawia ya serikali. Miaka ya karibuni bahasha hizo zilileta habari ya kuhama: waliokuwa wakipokea ESA (fao la wasioweza kazi kwa ugonjwa) inayoangalia kipato walitakiwa waombe Universal Credit, fao lililochukua nafasi yake, ndani ya miezi mitatu, la sivyo malipo yakatike. Wengi wetu tulisoma jambo moja tu humo: napimwa tena.

Kuhama peke yake si kupimwa. Aliyekwisha kukubaliwa kwenye ESA kwamba hawezi kazi, akaomba kabla ya tarehe, alihama na hali yake ileile. PIP, fao la kusaidia gharama za kuishi na ulemavu au maradhi ya muda mrefu, nayo ni mfuko mwingine kabisa, haiangalii kipato wala haikuguswa na uhamisho huo. Kilichoumiza watu ni tarehe. Mtu anaogopa kuifungua barua, anaisukuma nyuma ya friji, mwezi unapita.

Hata hivyo siwalaumu wanaoogopa, maana kupimwa upya nako kupo, kunakuja kwa wakati wake. Mimi nina selimundu, nimeirithi kwa baba na mama. Isipokuwa wachache waliopandikizwa uboho au kupata tiba mpya ya jeni, hatuponi. Fomu ya mapitio ya PIP inauliza kama kuna kilichobadilika. Kipo: nimezeeka.

Shida ya selimundu ni kwamba inakuja na kuondoka. Leo napanda ngazi, kesho nalia kwa maumivu ya mifupa na kusubiri gari la wagonjwa. PIP inataka idadi ya siku zenye ugumu izidi nusu ya siku zote, na inauliza kama unaweza kupika chakula chepesi cha mtu mmoja (nyumbani kwetu nani alishawahi kupika cha mtu mmoja?). Wanaojua sheria watakwambia kwamba kuweza mara moja hakuhesabiki kama huwezi kurudia, au unafanya kwa hatari. Wanaojua ni wachache.

Halafu kuna malezi yetu. Mpimaji anapiga simu, anakusalimu, nawe unajibu kama ulivyofundishwa: nzuri, namshukuru Mungu. Kulalamika kwa mgeni ni aibu. Ripoti inarudi imeandikwa kwamba mteja alisikika mchangamfu.

Tangu 2017 kuna kundi lisilopimwa tena uwezo wa kazi, la wenye maradhi mazito ya maisha. Jambo jema, ila sharti lake ni kwamba ugumu uwepo wakati wote. Hapo ndipo sisi tunapoachwa nje, sisi na wenye kifafa na wengine ambao mwili wao una siku zake. Na madaktari wetu wanatuonya kila kliniki tujiepushe na baridi, kiu na msongo wa mawazo, kwa sababu huamsha maumivu. Barua ya mapitio ni msongo mtupu.

Mimi nasema waliondoe sharti hilo la wakati wote. Daktari bingwa wa damu anayenitibu aandike mara moja kwamba ugonjwa huu ni wa maisha, na karatasi yake itoshe. Fedha za kuwalipa wapimaji waje kuthibitisha kwamba bado nina damu niliyozaliwa nayo zingeajiri manesi wa selimundu.