Mama Karanga Ndiye Fundi

Kabla hamjaniuliza: sikuwa uchi. Nilikuwa na bukta. Yule rafiki yangu aliyetuma sauti kwenye grupu, eti nilikuwa uchi, nikilia na kumwita mamangu, alikuwa amekaa ukutani anakula viazi karai na hakusogeza hata kidole. Viazi vyenyewe nilimnunulia mimi. Basi sikizeni kwa mwenyewe.

Boti ya Ami mnaijua, ile inayolala horini kule Tudor, Mombasa. Tangu kusi ishike, ngama, pale chini botini maji yanapokusanyika, haikauki. Mmoja avua, mmoja akumba maji. Ami akashikilia kuwa ni mbao, akaita fundi wa kalafati azibe nyufa, akalipa, na maji yakaja vilevile. Mimi kazi yangu ni jenereta na pikipiki, lakini mdomo ukaniwasha: "Ami, mashine ikizimwa maji hayaongezeki sana. Ukiwasha tu, hayo. Hii si mbao, ni pampu."

Nikaifuta pampu mpaka ikakauka, nikatandika gazeti chini yake, tukawasha. Hapa niacheni nijisifu, maana mbele huko sitapata nafasi. Pampu ya maji ya bahari, ile ya kupozea mashine, ina sili mbili kwenye shafti, mti wake unaozunguka: moja yazuia maji, moja yazuia oili. Kati yake pana kitundu kwa chini, ili sili ya maji ikifa, maji yatoke nje yasiingie kwenye mashine. Gazeti likalowa pale pale chini ya kitundu. Nikapapasa. Kimezibwa na kijiti na sabuni ya mche! Nikamtazama Ami. Ami akatazama upande wa Kisauni.

Kijiti kimezuia nusu ya maji, nusu nyingine imeingia kwenye oili. Nikachomoa kipimo: chai ya maziwa. Kubadilisha sili peke yake hakufai, shafti imeshalika mfereji. Pampu nzima, basi.

Mpango ulikuwa tufanye kazi maji yakiwa yamekupwa, boti imekaa kwenye tope. Spea ikachelewa kufika kutoka mjini. Ilipofika, alasiri imepita, maji yajaa, boti yaelea, na kina mama karanga, wale wakaanga samaki wa kuuza, wamejaa ufukweni na ndoo zao wakingoja samaki. Ami akasema tungoje kesho. Nikamwambia ni kazi ya dakika tu.

Nikafunga koki ya chini, ile ya kuingizia maji. Rudini msome tena: nilifunga. Mpini uligeuka, ukafika mwisho, ukagota. Kumbe ni mpini tu uliogeuka. Ndani chumvi imeshakula kila kitu na njia iko wazi. Nikalegeza klipu, nikachomoa mpira unaopeleka maji kwenye pampu, nikasema, "Ami, sasa ona kazi ya fundi."

Neno fundi halikuisha. Nilifika "fu", bahari ikanijaa kinywani.

Nikaweka dole gumba. Tundu kubwa kuliko dole. Nikaweka kiganja, maji yakachuruzika pembeni, huku jicho langu, huku sigara ya Ami. Ami akashika upo akaanza kukumba huku anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Nikatafuta tambara. Hakuna. Tambara la pekee kwenye boti ile ni kikoi changu cha Idi, nami niko ndani yake.

Nikakifungua kwa mkono mmoja. Nikakisokomeza. Maji yakakitema. Nikakisokomeza tena, kichwa kimezama ndani ya kasha la mashine, makalio yameelekea ufukweni. Bukta, ndugu zangu, ni ile ya nyumbani. Ya kutokea siku ya kufua. Nikasikia ufuo umenyamaza, kisha mtu akacheka, kisha wote.

"We kijana!" Sauti ya mama mmoja. "Si uuinue juu huo mpira!"

"Mama niache, niko kazini!"

"Maji hayapandi mlima, babangu! Inua!"

Nikauinua ili nimwonyeshe kuwa hajui. Mdomo wa mpira ulipopita usawa wa bahari ya nje, maji yakakoma. Kimya. Yamesimama ndani ya mpira, yanitazama. Nyumbani kwake, nimekuja kuambiwa, mama huyo kila siku hunyonya maji ya tangi kwa mpira kujazia madumu.

Yaliyobaki si kitu. Tukagonga kigingi cha mbao kwenye mpira, pampu ikaingia na gasketi yake, oili ikamwagwa na kumwagwa tena mpaka ikatoka safi, koki mpya ikanunuliwa. Ngama imekauka. Kikoi kiko kwa Ami, afutia mikono.

Ami amenilipa nusu. Nusu nyingine, asema, ni ya mama, ada ya ushauri. Na jana nimepita pale nikawakuta wamemsimamisha kando ya boti nyingine iliyowashwa inakohoa moshi. Mama ametega sikio, mwiko mkononi, awaambia ni nozeli ya mafuta.