Anayeanza hutafuta kwa neno alilo nalo

Jumamosi moja, katika chumba tunachofundishia vijana programu huku Umoja, Nairobi, mwanafunzi alitaka kuondoa jina moja kwenye orodha aliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Alifungua nyaraka, yaani maelezo ya matumizi ya lugha hiyo, akaandika "delete" kwenye kisanduku cha kutafutia, akapewa kurasa nyingi ambazo hakuweza kujua aanze na upi. Alichohitaji kinaitwa remove ikiwa anaondoa kwa thamani, pop ikiwa anaondoa kwa nafasi na anataka kubaki na kilichotoka, au del ikiwa hakihitaji tena. Alijua vizuri anachotaka kufanya. Jina lake tu ndilo hakuwa nalo.

Nilipoeleza kisa hiki kwa wenzangu wanaojenga mifumo ya malipo, nikisema nyaraka zikubali neno la anayeanza, walinipinga, na hoja yao nimeitafakari sana. Wanasema istilahi ni sehemu ya maarifa yenyewe, na anayelainishiwa kila neno hatajifunza kuzungumza na wenzake. Kwenye Daraja, mfumo wa kuunganisha programu na M-Pesa, kuna huduma ya kuitisha malipo moja kwa moja kwenye simu ya mteja ili aweke PIN. Huku mtaani inaitwa STK Push. Jina hilo halimwambii kitu mgeni, lakini akishalijua, karibu kila mwanaprogramu wa Nairobi anamwelewa na anaweza kumsaidia.

Hoja yao ya pili ni nzito zaidi. Chukua neno "futa" katika SQL, lugha ya kuziamuru hifadhidata. Amri ya DELETE hufuta safu (mistari ya jedwali) unazozitaja, na usipozitaja hufuta zote. TRUNCATE humwaga data yote na kuacha jedwali tupu. DROP huondoa jedwali lenyewe pamoja na muundo wake. Kisanduku cha kutafutia kikichukulia kwamba maneno hayo ni visawe, kijana aliyetaka kuondoa mteja mmoja anaweza kunakili amri inayoondoa wateja wote. Hatari hiyo ni ya kweli, na sitaki mwanafunzi wangu aijifunze kwa data ya mtu.

Hata hivyo, kumtaka mtu ajue jina kabla ya kutafuta ni kumfungia nje. Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walichapisha utafiti kuhusu maneno ambayo watu huyachagua wenyewe kutaja vitu na amri za kompyuta. Uwezekano wa watu wawili kuchagua neno lilelile ulikuwa chini ya asilimia 20. Pendekezo lao lilikuwa kwamba mfumo ukubali majina mengi kwa kitu kimoja. Kama watu wanatofautiana kiasi hicho, mwandishi wa nyaraka hawezi kutegemea neno lake peke yake, hata awe stadi namna gani.

Kwetu tatizo lina tabaka jingine. Sphinx, chombo cha kutengenezea nyaraka kilichoanza kwa ajili ya nyaraka za Python, hupunguza maneno hadi mzizi ili maumbo tofauti ya neno yapatikane mtu anapotafuta, katika lugha kadhaa, zikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kituruki. Kiswahili hakimo. Na lugha yetu hubadilisha kitenzi hata mwanzoni: nimefuta, ukifuta, kilichofutwa. Kwa hiyo hata nyaraka zikitafsiriwa kesho, anayeandika "nilichofuta" hatafikishwa kwenye ukurasa unaosema "kufuta".

Wapo wanaosema roboti za mazungumzo zimemaliza mjadala huu, kwa kuwa zinaelewa neno lolote. Zinaelewa, ndiyo, lakini huweza kuchanganya matoleo ya programu bila kukuonya, na nyingi zinahitaji intaneti kwa kila swali. Nyaraka za Python unaweza kuzipakua mara moja, nazo zikatafutika ndani ya kivinjari bila mtandao. Kwa kijana anayenunua bando la siku, hilo si jambo dogo.

Mimi naegemea upande wa anayeanza, kwa sharti ambalo wenzangu wamenisaidia kuliona. Neno "futa" lisimpeleke mtu kwenye amri. Limpeleke kwenye ukurasa mfupi unaomuuliza anaondoa nini: kitu kwenye orodha, safu, au jedwali zima? Kila jibu liwe na jina lake la kitaalamu, na kando yake kielezwe kitakachopotea. Hapo istilahi anajifunza akiwa tayari ana haja nayo.

Gharama ipo. Kurasa hizo zinahitaji mtu wa kuzitunza, na miradi mingi inaendeshwa na watu wachache wenye jioni chache. Ndiyo maana sipendekezi kamusi ya kila kitu. Ningeanza na maneno ambayo watu huyaandika kisha wakaondoka mikono mitupu, pamoja na ujumbe wa makosa, kwa sababu huo ndio mgeni hunakili kwanza. Huku Umoja tumeweka daftari mezani: kila anayekwama anaandika neno alilotafuta, na chini yake jina alilolipata mwishowe. Likijaa kurasa za kutosha, tutaliandika upya vizuri na kuwapelekea watunzaji wa nyaraka tunazozitumia.