Nani Alitutuma Kuusoma Mswada?

Juzi mjomba wangu aliutuma tena ule ujumbe kwenye kundi la familia: vijana wanaoikosoa serikali mtandaoni wanalipwa na wazungu. Nilimjibu kwa heshima, lakini usingizi ulinipaa.

Mjomba, mwaka 2024 hakuna aliyenilipa kuusoma Mswada wa Fedha wa Kenya, ule uliopendekeza kodi mpya. Niliusoma kwa simu, usiku, kwa bando langu. Nikakuta mkate unatozwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, na mwenye gari anadaiwa asilimia 2.5 ya thamani ya gari hilo kila mwaka. Wenzangu waliufasiri kwa lugha za mama, wakauchambua TikTok kifungu kwa kifungu, wakakesha wakiujadili kwenye X. Shangazi, ambaye siku zote husema siasa si yake, alinipigia kuuliza habari ya mkate. Juni 18 ikatangazwa kwamba kodi hiyo imeondolewa. Juni 25 watu walioandamana kuupinga mswada wakapigwa risasi Nairobi, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada mzima. Haikuchukua mwezi: Julai 15, akiwa Nakuru, akaishutumu Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani, kwa kufadhili fujo. Shirika hilo lilikana.

Neno “wametumwa” linaniuma kuliko tusi. Linasema Mkenya hawezi kusoma hesabu akakasirika mwenyewe. Kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 vya maandamano hayo. Mama aliyemzika mwanawe aambiwe mtoto alikuwa kibarua cha wageni? Hapana. Hilo sitalinyamazia, hata likitoka kwa mkubwa wangu.

Sawa, akaunti za kukodiwa zipo. Mwaka 2021 utafiti wa shirika la Mozilla ulionyesha vijana wakilipwa kusukuma mada mtandaoni wakati wa BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba. Lakini zile zilikuwa kelele za siasa zetu wenyewe.

Na kama ni mkono wa nje tunautafuta, tuutafute kwenye bajeti. Tangu 2021 nchi ilikuwa kwenye mpango wa mikopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), ambao masharti yake yalitaka kodi iongezwe. Walioyakubali masharti hayo hawakuja kutuuliza. Mbona hao hawaitwi waliotumwa?

Nimemtumia mjomba mswada wenyewe. Nimemwomba tuusome pamoja Jumapili, na shangazi awepo.